Utando

Nazibrola alipofariki aliacha chupa arobaini na moja.
Si nyumba, si deni, si mtoto:
rangi za kucha, ndani ya boksi la viatu,
nyingine nusu, nyingine robo,
moja kavu kau, kama gaga la kidonda.

Lamzira, mdogo wake, alilitia boksi kwapani
akapanda nalo hadi ghorofa ya tano.
Kutaisi, mwezi wa pili; theluji imekuwa tope,
lifti ni mgonjwa wa miaka kumi na miwili.

Tupa, walimwambia. Vya marehemu vinanuka.
Vilinuka kweli. Vilinuka Nazibrola
anaingia kutoka saluni, mgongo umepinda,
anavua kiatu kwa kiatu,
anauliza kama birika lina chochote.

Basi hakutupa.
Alikuwa na waya wa shaba, mwembamba kama unywele,
aliouchomoa kwenye mota ya friji iliyokata roho.
Akauzungusha kwenye penseli: kitanzi,
kitanzi, kitanzi, petali tano na kikonyo.
Akachovya brashi, akaivuta juu ya uwazi
taratibu, kama anayefunga mlango mtoto amelala.

Pale pasipokuwa na kitu, pakawa na wekundu.

Kisha utando ukapasuka.
Wa pili ukapasuka. Wa saba ukapasuka,
naye akamtukana marehemu kwa jina la ukoo.
Mkono ulijifunza kabla ya kichwa:
pumzi ibanwe; brashi ipite mara moja, isirudi;
rangi iliyoganda ipewe tone la asetoni, si mawili;
na usikaushe juu ya jiko, jiko huleta malengelenge.
Chomeka kikonyo kwenye kiazi, zima taa, kalale.

Asubuhi, sinia la viazi lilikuwa limechanua.

Nambari kumi na saba ilikuwa ya maharusi.
Ile ya waridi iliyopauka, ya mama hakimu, kila Ijumaa.
Zambarau ni ya binti aliyekuwa akitafuna kucha
mpaka Nazibrola alipomwambia: rangi hii ni sumu.
Hakutafuna tena.
Lamzira alizijua zote; jioni za dada yake
zilikuwa hadithi za vidole vya watu.

Sokoni, karibu na daraja la mto Rioni,
meza yake ilitazamana na ya Bwana Tengiz,
mfua fedha, mwenye tanuri,
anayesaga kioo kuwa unga, anaujaza unga
ndani ya vijumba vya waya wa fedha, anachoma, anasugua,
anachoma tena, kama walivyochoma babu zake.
Siku moja alivuka. Akainua hereni kwa ncha za vidole,
akaielekeza kwenye mwanga.
"Mama, hii si johari. Hii ni kucha."
"Ndiyo," akasema Lamzira. "Najua hata za nani."

Aliirudisha mezani
kama mtu aliyeokota simu ya mwenzake
akakuta bado kuna anayeongea.

Mwezi wa tano akaja tena. Kitambaa kimekunjwa mara nne,
ndani yake bangili ya mkewe:
buluu imemeguka, pengo kama punje ya mtama.
Haiwezi kurudi motoni, jiwe lake lingepasuka,
na aliyelilaza lile jiwe alikuwa baba yake.
Hakueleza sana. Hakuomba radhi.
"Una buluu," akasema, na haikuwa wazi kama aliuliza.

Lamzira akavuta boksi kutoka chini ya meza.
Thelathini na saba tupu, moja kavu tangu mwanzo,
mbili zinaelekea huko,
na ile ya buluu, ya mwanamke wa posta
aliyepakwa kidole kimoja tu, asiseme kwa nini.
Chini kabisa ya kioo, tone. Labda.
Akaipindua chupa, akaishika wima juu ya bangili,
na wote wawili wakainama,
wakangoja.